Bolti ya Kumi na Tatu

Nina bolti na nati mfukoni ambazo hazitaachana tena maishani. Aliyezifungisha ndoa ni kijana wa kaunta katika duka moja la vifaa huko Gerezani, Dar es Salaam, mbele ya foleni nzima, na hakuna hata shahidi mmoja aliyeweka pingamizi.

Bolti ilidondoka kwenye msumeno wangu wa meza, mtumba wa Kimarekani (umeme wake wa volti 120 tuuache, hiyo ni kesi nyingine). Nilichotaka ni nati yake tu. Kijana aliivika spana, ikaingia, akatoa hukumu: "Ya kumi na tatu hii, mzee." Nikamwambia hiyo ni ya inchi, aangalie mistari mitatu pale kichwani. "Hiyo mikwaruzo tu, mzee wangu." Akachukua nati, akaizungusha kwa vidole, ikaenda kidogo, ikagoma. Mtu mwingine angeirudisha kwenye boksi. Yeye akaleta spana ya pili, akakaza kwa kifua. Fundi bomba aliyekuwa nyuma yangu akashauri oili. Mama aliyefuata misumari akasema labda baba wa watu hajui anachokitaka. Wakacheka wote. Nati nikalipishwa.

Sasa sikiliza. Mistari mitatu kichwani ni alama ya Wamarekani ya uimara wa daraja la 5; ikiwa sita, ni daraja la 8. Bolti za milimita huandikwa tarakimu, kama 8.8. Ukiokota bolti sakafuni, kabla hujatafuta spana, ifute grisi uisome kichwa, maana mara nyingi imebeba kitambulisho chake.

Na spana haikusema uongo, ila ilijibu swali ambalo hatukuuliza. Spana hupima kichwa, wakati nati huvaa mwili. Bolti yangu ni ya 5/16 ya inchi. Kichwa chake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inaingia na kuchezacheza kidogo. Mwili wake una unene wa milimita 7.94, pua na mdomo na ile ya milimita 8. Ugomvi uko kwenye nyuzi. Ya inchi ina nyuzi 18 katika kila inchi, kilele hadi kilele milimita 1.41, ya milimita 8 ya kawaida ni 1.25. Uzi wa kwanza unapita, wa pili unanung'unika, halafu zinang'ang'aniana. Huhitaji maabara kujua: weka rula, pima nafasi kumi za nyuzi. Ukipata milimita 12.5, ni ya milimita. Ukipata 14, umeshika mgeni.

Tena hilo jina la "kumi na tatu" lenyewe ni kichekesho. Bolti hiyohiyo ya milimita 8 kwenye gari la Kijapani mara nyingi hufunguliwa kwa spana 12, kwenye la Kijerumani 13. Mafundi wetu wanaijua kwa spana, mwili hauulizwi. Mbao nazo tunanunua mbili kwa nne, za inchi. Halafu tunashangaa meza inayumba.

Fujo hii ina wazee wake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth aliwaambia Waingereza waache mtindo wa kila karakana kukata nyuzi zake, akapendekeza pembe ya uzi ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akaona 60 ni rahisi zaidi kukata, Wamarekani wakamfuata. Ilibidi vita kuu ya pili ya dunia iwakwamishe kubadilishana vipuri ndipo, mwaka 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kuhusu nyuzi za pamoja. Za inchi, bila shaka. Mimi hapa nawahurumia wote, hasa Whitworth: bolti yake ya nusu inchi ina nyuzi 12 kwa inchi, ya Kimarekani 13, na kwa macho ni mapacha.

Vichekesho vya vyuma vidogo havikuanza na bolti hii: wiki iliyotangulia jirani yangu alining'inia kwenye spana ya mashine ya kunolea, upande wa kushoto ambako nati hulegezwa kwa kuzungusha kulia, akikaza huku akiapa kwamba analegeza. Skrubu ya randa ilimezwa na vumbi la mninga. Washa moja aliivaa mjukuu kama pete, na ilitoka kwa sabuni.

Lakini bolti hii si mzaha. Ndiyo inayoshika kinga ya bledi, na bledi hiyo huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Aliyeniuzia mashine aliniahidi kwamba "ipo kamili". Haikuwa na kijitabu, haikuwa na orodha ya vipuri, na nusu ya matundu yalikuwa yamechomekewa chochote kilichokubali kuingia. Pita kwenye karakana za maseremala uhesabu vidole, kisha urudi uniambie nati ni kitu kidogo. Muuzaji anajua mashine imetoka nchi gani, anajua bolti zake hazipatikani mtaani, na ananyamaza. Anayeuza msumeno wa mtumba auuze na bolti zake zote na kijitabu chake, au auuze kama chuma chakavu, kwa kilo.