Heko Ghislain, Jina Lisilotamkika

Majina ya watoto wa kiume yamekuwa mepesi mno. Nchini Ufaransa wazazi wamekimbilia Gabriel, Léo na Louis, majina ambayo mtu akiyasoma mara moja amemaliza, hana la kuuliza tena. Wakati wengine wamejiachia hivyo, lipo jina moja adimu ambalo halijawahi kumrahisishia mtu kazi: Ghislain.

Tuanze na ukarimu wake. Lina herufi 8, na kwa wanaolitamka kijadi hutoa sauti 4 tu: g, i, l, na irabu moja ya mwisho inayotokea puani. Ni kama ofisi yenye watumishi hewa. H hukaa mlangoni, kwani isipokuwepo G hulainika ikawa sauti nyingine kabisa. S ilistaafu zamani, ila haijafutwa kwenye orodha ya mishahara. N haisikiki, kazi yake ni kuiagiza pua. A na I zinagawana kiti kimoja.

Mgeni asidhani kwamba wenyeji wamekubaliana. Wapo Wafaransa na Wabelgiji wanaoimeza ile S, na wapo wanaoitamka waziwazi, na kila upande unausikitikia mwingine. Mwenye jina basi amejaliwa majina mawili kwa cheti kimoja cha kuzaliwa. Hata sikukuu anazo mbili: Kanisa humkumbuka mtakatifu wake Oktoba 9, ilhali kalenda za Ufaransa zimemsogeza hadi Oktoba 10, maana tarehe 9 amekaa Mtakatifu Denis.

Mtakatifu huyo aliishi karne ya 7 na kuanzisha monasteri mahali ulipo leo mji wa Saint-Ghislain, karibu na Mons, Ubelgiji. Waumini walimwomba awakinge watoto na degedege na kifafa, na Wakatoliki wengi wa Ubelgiji wakawa wanalichomeka jina lake mwishoni mwa majina ya ubatizo. Padri Dominique Pire, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1958, alizaliwa akaitwa Georges Charles Clement Ghislain Pire. Chanjo isiyotaka sindano wala jokofu! Likiwa huko mkiani jina halikumsumbua mtu. Shukrani ziwaendee wazazi waliolileta mbele, umma mzima ukafaidika.

Serikali nayo ilitimiza wajibu wake. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1803 iliruhusu majina ya kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale tu, na ni mwaka 1993 ndipo wazazi walipoachiwa uhuru wa kuchagua. Ghislain lilipita bila swali, kwa kuwa lilikuwa na mtakatifu. Sheria ilikagua ukoo wa jina. Ulimi wa karani haukuihusu.

Kwetu huku neema hii ilifika kwa njia ya ubatizo, katika Kongo, Rwanda na Burundi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Ghislain wa Bukavu akija Dar es Salaam hukutana na watu waliofundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kila herufi husomwa. Muuguzi wa dirishani humpa gh ya ghali na lugha, itokayo kooni, huitamka S bila woga, hutenganisha A na I, kisha humalizia na irabu ya ziada ili ulimi upumzike: Ghislaini! Hapo watumishi hewa wote wameripoti kazini. Mwenyewe haitiki, maana hajasikia akiitwa, na anayemfuata huingia kwa daktari mapema. Foleni inasogea. Mdai anayemtafuta mtaani kwa jina naye atazunguka hadi jua lizame, na deni litakuwa limepata siku moja zaidi ya kupumua.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hili halijang'ara hata mchana, na bado lina miaka zaidi ya 1,300. Kwa hiyo mzazi anayetarajia mtoto wa kiume, akiona Juma au Baraka hayana changamoto, aandike Ghislain bila kusita. Mtoto atajifunza subira bila kulipiwa ada, na hakuna karani atakayemsahau. Wakishindwa kumwita, watamnyooshea kidole.