Punda na Ghala la Kijiji

Paukwa! Pakawa.

Wanyama wa Bondeni walikuwa na ghala moja. Kila mavuno, kila nyumba ilitia pishi mbili za mtama, ili atakayeugua atibiwe bila kuuza shamba. Punda hakukosa hata msimu mmoja. Tena mtama wa wenziwe ulifika ghalani juu ya mgongo wake.

Punda akajifungua. Ghala likamlipa mkunga, vigelegele vikapigwa. Wakunga wazee wakamkanda kwa maji ya moto, wakamfunga tumbo kwa kanga, arobaini ikatimia. Lakini alipobeba gunia la kwanza, mkojo ulimtoka njiani. Akikohoa, unamtoka. Akicheka, unamtoka.

Kobe, fundi wa viungo, akampima. "Mwanangu, ndani ya nyonga kuna misuli iliyotandikwa kama machela. Ndiyo inayobeba kibofu na mji wa mimba. Mimba imeilemea, uzazi umeivuta. Lakini inafundishika: utaikaza na kuiachia kila siku, nami nitakusimamia miezi mitatu."

Punda akaenda ghalani. Fisi, mshika daftari, akapekua.

"Kuzaa kumo. Hili halimo. Si ugonjwa hili, akina mama wote hupitia."

"Na Kima je? Alianguka mwembeni akavunjika mkono, na kila juma Kobe anamnyoosha kwa mtama wetu."

"Kima ameumia."

"Na mimi?"

Fisi akafunga daftari.

Punda akaona haya. Akaacha soko, akaacha ngoma, akaacha kubeba. Mtama ukaoza mashambani, ghala likabaki nusu. Barazani Fisi akasema Punda amekuwa mvivu. Ndipo Bibi Mbuzi akainuka kwa mkongojo: "Si mvivu. Mimi nami mkojo unanitoka, tangu kitinda mimba wangu." Ng'ombe akasimama. Kondoo akasimama. Kila mama akasimama, na kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake.

Mbayuwayu akanena kutoka darini: "Ufaransa, mama akishajifungua, daktari au mkunga humwandikia mazoezi ya misuli ya nyonga, na bima ya taifa hulipa."

"Mtama hautatosha," akasema Fisi.

"Uliooza mashambani ungetosha," akajibu Kobe.

Baraza likaongeza mstari mmoja daftarini. Kesho yake alfajiri, Kobe alipofungua mlango, aliyetangulia kufika hakuwa Punda. Alikuwa Bibi Mbuzi. "Mwanangu," akauliza, "na sisi tuliozaa zamani tumo?"

"Mmo, bibi. Karibu ndani."

Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya bima hiyo, pale mnapoandika kujifungua, andikeni na kupona. Mama ametia pishi zake kama wengine. Na nyumba nyingi zinasimama juu ya mgongo wake.