Vumbi la Lubudi, Mlipaji wa Haki

Miongoni mwa mali zote za Mkoa wa Lualaba, ambao mwaka 2015 ulimegwa kutoka Katanga ya zamani na kupewa Kolwezi kuwa makao yake makuu, vumbi ndilo pekee ambalo halijawahi kuhitaji kibali, halijauzwa kwa mkataba wa siri, wala halijapita mpakani bila kwanza kuwaachia wenyeji fungu lao. Shaba huchimbwa na kuondoka. Kobalti, madini yanayoingia katika betri za simu na magari ya umeme, na ambayo takriban asilimia 70 ya uzalishaji wake duniani hutoka Kongo, nayo huondoka, na mtoto wa Fungurume, mji wa machimbo wa mkoa huo, anaweza kukua hadi akaoa bila kuishika betri ya gari iliyotokana na udongo wa kwao. Vumbi hubaki. Linaingia katika nyumba ya tajiri na ya maskini, linakaa juu ya Biblia ya mchungaji na juu ya leja ya mwenye duka, na halimwombi mtu yeyote kitambulisho. Lakini kwa ukarimu wote huo halina mtetezi, na jina lake hutajwa tu na mtu anayetafuta ufagio.

Waluba wana kasala, yaani ushairi wa sifa ambamo mtu hatukuzwi kwa matendo yake peke yake bali kwa nasaba yake pia, akatajiwa waliomzaa na waliowazaa hao, mpaka msikilizaji atambue kwamba aliyesimama mbele yake hakuokotwa njiani. Vumbi linastahili heshima hiyo hiyo, maana wengi hudhani lilizaliwa juzi chini ya magurudumu ya malori, ilhali ukoo wake ni mkongwe kuliko kijiji chochote cha Wasanga, wenyeji wa huko. Lubudi, eneo la mkoa huo ambalo vumbi hili limechukua jina lake, si jangwa. Mvua hunyesha huko kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, na misitu ya miombo, ile miti ya nyanda kavu ipukutishayo majani, imeizunguka pande nyingi. Lakini juu ya nyanda za Biano, na juu ya uwanda wa Manika ambako mji wa Kolwezi umejengwa, kumelala mchanga wa Kalahari, tandiko la mchanga linaloanzia Afrika Kusini na kupanda kupitia Botswana, Angola na Zambia hadi ndani ya Kongo, likifunika zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Kwa maneno mengine, jangwa lilifika Lualaba kabla ya wachimbaji, likajilaza, likafunikwa na nyasi, na sasa kila mwaka ifikapo Mei, mvua zinapokatika na upepo mkavu wa kusini-mashariki unapoanza kuvuma, huinuka kidogo kuangalia kama dunia bado ipo.

Huo ni upande wa baba. Upande wa mama ni udongo mwekundu uitwao laterite, yaani udongo uliosafishwa na mvua kwa zama nyingi hadi virutubisho vyake vingi vikaondoka na kikabaki chuma kilichoshika kutu, na rangi yake ndiyo inayoyapaka majani ya miembe ya kando ya barabara mpaka mgeni asijue kama mti una ugonjwa au una aibu. Lubudi yenyewe ina mjomba wa pekee, naye ni chokaa: reli iliyofika mji wa Bukama mwaka 1918 ilipita hapo, na mawe ya chokaa ya eneo hilo yakaleta kiwanda cha saruji katika enzi za Wabelgiji, mahali ambapo jiwe lilisagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1450 hivi, kisha likasagwa tena hadi likawa unga laini kuliko ule wa muhogo. Saruji ni vumbi lililokwenda shule. Mashemeji ni moshi wa makala na masizi ya mioto ya porini ya Agosti na Septemba, nao, kama mashemeji wengi, walikuja kusalimia na hawajaondoka.

Utumishi wake mbali na nyumbani unaweza kutajwa kwa haraka. Vumbi linaloinuka katika bonde la Bodélé nchini Chad huvuka Atlantiki na kuupelekea msitu wa Amazoni fosforasi, kirutubisho ambacho mvua za huko huosha kila mwaka, na mkulima huyo wa angani hajawahi kutuma hati ya madai. Mvuke wa maji hauwezi kugeuka kuwa tone la wingu kwa urahisi bila chembe ndogo ya kushikilia, iwe ya chumvi, ya moshi au ya vumbi, kwa hiyo yeye anayelilaani Septemba hulihitaji Novemba. Hata sheria ya Kiislamu imelipa cheo: asiyepata maji hutayamamu, yaani hujitoharisha kwa kupangusa uso na mikono kwa udongo safi. Wanaodai kwamba vumbi ni uchafu na wajibu kwanza hoja hiyo.

Lakini fahari yake kubwa iko kwa wapenda mazoezi, kundi la watu wanaoamka alfajiri kukimbia kandokando ya barabara ya udongo, wanaopanda baiskeli kwa hiari bila gunia la makala nyuma, na wanaocheza kandanda kwenye kiwanja ambacho mchezaji wa upande wa pili huonekana kama kivuli. Waandishi wa michezo wa Tanzania waliujua ukweli huu zamani, ndiyo maana kwao ligi haianzi bali hutimua vumbi, hata pale uwanja ulipotandikwa nyasi za bandia. Kati ya vumbi na mwanamichezo kuna mkataba wa kazi ulio wa haki kuliko mikataba mingi iliyowahi kutiwa saini katika ukanda wa shaba, kwa sababu vumbi hulipa kwa kadiri ya jasho. Mtu aliyetulia huvuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika, na mtu anayekimbia kwa bidii huvuta lita 60 au zaidi. Hivyo anayekimbia saa 1 hujipatia mgao ambao mvivu aliyelala angeuchuma kwa usiku mzima. Zaidi ya hayo, mkimbiaji akichoka hufungua mdomo, akaipita pua pamoja na vinyweleo vyake na ute wake, ambao ni maofisa wa forodha wa mwili, na mzigo ukaingia bila kukaguliwa.

Mzigo wenyewe hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 70. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupita koo na kuingia katika njia za pumzi, na zile zisizozidi mikroni 2.5 hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, vile vichumba vidogo mwishoni mwa mapafu ambamo oksijeni huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilipendekeza kwamba chembe za chini ya mikroni 10 zisizidi wastani wa mikrogramu 45 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa siku, kipimo cha ubahili ambacho vumbi la Lualaba, kwa malezi yake mema, haliwezi kukielewa. Chembe hizo zikiwa na silika, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, na zikivutwa kwa miaka mingi kama wavutavyo wachimbaji na wasaga mawe, huacha makovu yasiyofutika katika mapafu, na ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mkimbiaji wa Jumapili hafiki huko. Yeye huambulia kikohozi kikavu, macho yenye mchanga, pumu iliyokuwa imelala ikaamshwa, na kitambaa cheupe ambacho, akishapenga kamasi, huonyesha madoa mawili ya rangi ya matofali, moja kwa kila tundu la pua.

Wako wanaojidai werevu, wakakimbia alfajiri kabla malori hayajaamka. Lakini katika Juni na Julai, usiku wa nyanda za juu huwa baridi sana, ardhi hupoa haraka, na hewa baridi hulala chini ikifunikwa na hewa yenye joto kidogo, hali ambayo wataalamu wa hali ya hewa huiita mgeuko wa halijoto. Moshi wa majiko ya makala na vumbi la jana hukwama chini ya kifuniko hicho hadi jua litakapokiinua. Ukungu wa kupendeza unaoonekana juu ya mabati saa 12 asubuhi si umande mtupu. Hilo ndilo changa la macho, na mwenye mchanga ni mpigaji stadi.

Wasiofanya mazoezi nao hawakusahauliwa, na hapa msifu hulazimika kushusha sauti. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako baada ya mwaka 2014 wakazi walichimba mashimo ya kobalti katikati ya nyumba zao, utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven nchini Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumbani, na katika mkojo na damu ya wakazi kuliko ya watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Sababu haihitaji shahada: mtoto hucheza chini, kisha hula kwa mkono ule ule. Jina la kobalti, kwa bahati, latokana na neno la Kijerumani la zimwi lililoaminiwa kuwaudhi wachimbaji mashimoni, na Wajerumani hao hawakuwa wajinga kama wanavyodhaniwa.

Maadui wa vumbi ni wachache na hawana nguvu. Barakoa ya kitambaa huzuia punje kubwa na kuziachia ndogo zipite. Barakoa nzito yenye chujio huzuia nyingi, ila anayekimbia nayo hujiona kama anayevutwa shati kutoka nyuma. Adui wa kweli ni gari la maji, lile tangi linalonyunyizia barabara za machimbo na wakati mwingine, lijisikiapo, barabara ya watu. Wakimbiaji wenye uzoefu hulisikiliza, na likishapita huingia barabarani nyuma yake, viatu vikinata kidogo katika udongo uliolowa, wakipumua kwa pua kama watu waliotoka misa, huku jua likipanda upande wa kulia na kingo za barabara zikianza kupauka.