Sifa za Bwana Hesabu

Lucian alimsifu inzi, Synesius akausifu upara, Erasmus akaupa upumbavu kitabu kizima. Ni aibu basi kwamba Bwana Hesabu, anayeamua nani awe mhadhiri mwandamizi na nani azeekee chini, hadi leo hana wa kumwimbia. Namsema yule anayejumlisha makala za kila mwalimu wa chuo kikuu na kuandika jumla mbele ya jina lake. Mungu amzidishie umri, maana posho hadai.

Sifa yake ya kwanza ni huruma kwa wenye shughuli nyingi. Bila yeye, kamati ya kupandisha vyeo ingelazimika kusoma. Wafikirie maprofesa sita wamefungiwa ukumbini na makala kuhusu redio za jamii: mmoja aseme hoja haisimami, wa pili ambishie, wa tatu akiri kwamba ameshawishika. Kikao kingeingia magharibi. Bwana Hesabu hufika akauliza, “Ngapi?” Anajibiwa, “Kumi na moja.” “Zilizopitiwa na wataalamu?” “Nane.” Basi, mtu amepita, na chai ingali ya moto.

Nyumbani kwake hasa ni idara za mawasiliano. Humo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa habari za Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, ambaye mwaka 1948 alionyesha kwamba habari inaweza kupimwa bila kuijali maana yake. Mwalimu huwahi kuonya: hiyo ni kanuni ya nyaya na mitambo, baina ya watu maana ndiyo yenyewe, na ujumbe usiomfikia mtu haujawasilisha kitu. Wanafunzi wanaandika. Kipindi kinaisha, mwalimu anakwenda kikaoni, na huko anapimwa kwa kanuni ya nyaya. Nani mwingine amewahi kuwapatanisha wataalamu wa maana na maisha yasiyoihitaji?

Wala hakuja jana. Walimu wa uzungumzaji nchini Marekani walijitenga na walimu wa Kiingereza mwaka 1914, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida lao. Mwaka 1989 Mark Hickson, Don Stacks na Jonathan Amsbary wakachapisha, katika jarida la Communication Education, uchambuzi wa waandishi waliozalisha zaidi katika fani hiyo kuanzia 1915 hadi 1985, wakitafuta kipimo cha tija. Miaka 70 ya mabishano juu ya Aristotle, hotuba za marais na woga wa jukwaani ikatulia katika majedwali. Ni utulivu wenye kanuni zake: aliyeandika makala moja iliyoigeuza fani husimama chini ya aliyeandika ishirini ambazo hakuna aliyegeuza kurasa zake.

Tazameni pia anavyozidisha riziki. Utafiti ambao zamani ungetoa makala moja nono sasa unachinjwa kama mbuzi wa shughuli: paja kwa jarida hili, ubavu kwa lile, utumbo kwa kongamano, na supu ya mifupa kwa jarida linalotoza ada na kukubali kila kinacholetwa. Undugu nao umestawi, kwani jina la tano kwenye makala nalo linahesabika. Hata wanyama hawakusahauliwa. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington wa Michigan aliandika makala peke yake, lakini akaijaza “sisi”. Alipoonywa kwamba jarida halitaikubali hivyo, akaona tabu kuipiga chapa upya, akaongeza mwandishi wa pili: F.D.C. Willard, paka wake. Mwaka 1980 paka huyo alichapisha peke yake, tena kwa Kifaransa. Wapo wahadhiri wenye mikono miwili ambao bado hawajafika hapo.

Wakosoaji waliponung’unika kwamba idadi ya makala haitoshi, Bwana Hesabu hakununa. Alihesabu na marejeleo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alimletea kipimo cha h: mwenye h ya 10 ana makala 10 zilizorejelewa walau mara 10 kila moja. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble alibuni msomi asiyekuwepo, Ike Antkare, akamtungia makala bandia zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na Google Scholar ikampa h ya 94. Ndiye mfanyakazi bora: haugui, hagomi, hadai pensheni.

Huku kwetu naye kapokewa kwa heshima. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya vyeo, ambamo machapisho yaligeuzwa kuwa pointi. Mwalimu ambaye wanafunzi wake leo ndio sauti za redioni asife moyo; atafute tu namna ya kuzitilia sauti hizo tanbihi.

Lakini ukuu wake wote ulidhihirika miaka ya 1990. Mwaka 1992 Hickson na wenzake walichapisha orodha ya wanawake waliozalisha zaidi katika fani ya mawasiliano. Carole Blair, Julie Brown na Leslie Baxter wakaikataa heshima hiyo, wakisema kipimo chenyewe kimebeba mtazamo wa kiume juu ya usomi na kuuvika joho la kutopendelea. Wapitiaji waliotumiwa hoja zao waliwajibu kwa ukali. Mwaka 1994, katika Quarterly Journal of Speech, jarida lilelile lililozaliwa 1915, wanawake hao wakayaanika maneno ya wapitiaji na kuyachambua mbele ya fani nzima.

Mfalme mwingine angewatupa gerezani. Bwana Hesabu alichukua kalamu akaandika: kila mmoja, makala moja. Wale wa 1992 alikuwa amewaandikia vivyo hivyo. Kwake, aliyemchongea kiti na aliyekipiga teke hupata ujira sawa, wala hana hila yoyote: hakusoma ya hawa wala ya wale.