Karatasi Tupu ya Shilingi 180,000

Mhasibu aliinua risiti yangu kuielekeza dirishani, akaichungulia kama noti anayoishuku, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Foleni nzima ikamtazama yeye, kisha ikanigeukia mimi. "Kaka," akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi, "mbona hii ni karatasi tupu?"

Haikuwa tupu nilipopewa. Ilikuwa risiti halali ya EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi: mafuta ya gari la ofisi, Dodoma hadi Singida na kurudi, shilingi 180,000 nilizotanguliza mfukoni mwangu. Ilikuwa na TIN, tarehe, na kile kimraba cha madoadoa cha kuihakiki risiti kwa TRA, mamlaka ya mapato. Niliiweka kwenye kifuko cha plastiki ndani ya pochi, ubavuni mwa kitambulisho cha NIDA.

Kumbe mashine ya EFD haina wino! Karatasi yenyewe ndiyo iliyopakwa rangi isiyoonekana pamoja na tindikali kavu. Kichwa cha mashine kina vijisehemu vidogo mno vinavyopata moto na kupoa kufumba na kufumbua; panapoguswa na moto, vitu hivyo viwili vinayeyuka, vinakutana, herufi inatokea nyeusi. Ndiyo maana ukiikwaruza risiti kwa ukucha inabaki na mstari: ule msuguano tu ni joto tosha. Nimeshinda jioni nzima nikikwaruza risiti za dukani, mke wangu ananiangalia tu. Lakini kemikali ya kulainisha plastiki, kama ya kifuko changu, losheni ya mikononi, hata jua la dirishani, huvunja muungano wa rangi na tindikali, na maandishi yanayeyukia hewani. Halafu Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kwa karatasi hii! Yangu haikuuona hata mwisho wa mwezi.

Sasa sikia palipo na utamu. Hela unayorudishiwa haihesabiwi kipato chako iwapo ni fidia tu ya ulichotumia kwa ajili ya kazi. Lakini ushahidi ukipotea, mhasibu hana pa kuiandika ila kwenye mshahara. "Nami nimebanwa, Kaka," akaniambia, "PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa iwe imefika kabla ya tarehe 7 kupita." Basi dizeli iliyoungua barabarani ikageuka posho yangu. Na kwa kuwa mshahara umeshavuka 1,000,000 kwa mwezi, chochote cha juu yake kinakatwa asilimia 30. Nimelipa 54,000 kwa kosa la kuliwekea gari la mwajiri mafuta.

Si risiti hiyo tu iliyonisumbua. Bodaboda wa Manyoni aliniandikia risiti kwenye kifuniko cha boksi la biskuti, ilikataliwa. Mama lishe nilipomwomba risiti alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Ila hili la kituo cha mafuta sitalisahau. Chini ya pampu pale zilizagaa risiti za wateja, mbichi, nyeusi tii, nyingi hazina jina la mnunuzi. Ningeinama nikaokota moja, vitabu vyote vingenitambua kuwa mkweli. Wapo wanaoinama, nawajua, na wao hurudishiwa hela yao nzima bila kukatwa hata senti.