Sifa za Sheria ya Mtumba

Wapo wanaosifu sheria zenye meno. Mimi naishi Weston, pembe ya kaskazini-magharibi ya Toronto, mtaa uliowahi kuunda baiskeli za CCM (kiwanda, si chama), na meno hayo nimeyaona. Hayana adabu. Tangu Machi 2018 Ontario imemkataza mfanyabiashara kwenda kwenye nyumba ambayo hakuitwa akauze mtambo wa kuchemsha maji. Yaani hodi imekuwa kosa! Na chini ya sheria yao ya watumiaji bidhaa ya 2002, kampuni korofi inaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000, na mtu binafsi akalala ndani. Ukali gani huu kwa watu wanaotafuta riziki?

Ninayoisifu ni Sheria Na. 46 ya Kenya, ya mwaka 2012. Kaa nayo kwenye maktaba ya Weston, lile jengo la Carnegie la 1914, uiweke kando ya ile ya Ontario. Zinafuatana sura kwa sura: mikataba ya intaneti, ada za mazoezi ya viungo, matengenezo ya magari, hata nyumba za likizo zinazomilikiwa kwa zamu, ambazo sijui ni Wakenya wangapi walikuwa wakizililia. Siku kumi za kuvunja mkataba uliouziwa mlangoni kwako ziko huku, ziko na kwetu. Ni mtumba safi, kamera kabisa, lebo bado imening'inia.

Uzuri wake ni kwamba tulichukua nguo tukaacha usumbufu. Ya huku ina wizara inayopokea malalamiko na kuyafuata mpaka dukani. Yetu iliundiwa kamati ya kushauri, na ushauri haujawahi kumuumiza mtu.

Nenda gereji, Kirinyaga Road, Nairobi. Sheria inataka fundi atoe makadirio kabla ya kudai malipo. Fundi anafungua boneti, anajifuta mikono kwa tambara, anasema, "Tuangalie kwanza, boss." Jioni gasket imezaa pampu, pampu imezaa redieta. Karatasi ya makadirio ingeua uchangamfu wote huo.

Au Luthuli Avenue. Katiba ya 2010 ina vifungu 264, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Muhuri wa mpira kwenye risiti una maneno matatu tu: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Mwenye simu iliyozimika kabla hajafika stejini anausoma muhuri, si Katiba, halafu anaenda kutafuta fundi. Amani imedumu. (Kwa haki, hata Ontario mwenye duka halazimiki kisheria kukurudishia pesa kwa kuwa tu umebadili nia. Kitu kibovu ni habari nyingine.)

Sasa Ontario wenyewe wamelichoka vazi. Desemba 2023 bunge lao lilipitisha sheria mpya ya kuchukua nafasi ya hiyo ya 2002, kwa hiyo bale jingine limeshafungwa. Waheshimiwa wa Nairobi, mkilifungua, safari hii msichague kurasa peke yake. Chukueni na wakaguzi.