Tondozi ya Kujaza Saa za Ndege

Kujaza saa za ndege ni kazi ya kuandika, baada ya kila safari, muda ambao ndege imekaa angani na mara ngapi imetua, kisha kuziingiza tarakimu hizo kwenye programu ya kompyuta ili programu iseme ni lini ndege irudi kwa mafundi. Kazi hii haina sare wala nishani. Rubani ana mistari minne begani, fundi ana leseni anayoionyesha kwa fahari. Karani anayejaza saa ana kiti kinacholia kila anapoegemea na rundo la nakala zilizopigwa kaboni, ambamo tarakimu 1 na 7 ni ndugu wa kufanana. Mtoto wa shule akiulizwa atakuwa nani ukubwani, husema rubani. Bado hajasikika mmoja aliyesema anataka kujumlisha 0.4 na 0.7 mpaka astaafu. Katika fasihi simulizi, tondozi hutungiwa watu, wanyama na vitu vinavyoenziwa. Ng'ombe amezipata nyingi, tena bila kujumlisha chochote. Kazi hii nayo ina haki ya kupata yake.

Utukufu wake mkubwa ni kwamba inaumba umri. Binadamu huzeeka hata asipoandikwa: cheti cha kuzaliwa kikipotea, mvi hazipotei. Ndege sivyo. Ikioshwa na kupakwa rangi upya hufanana na mdogo wake wa miaka kumi, na bati halioti mvi. Umri wake umo karatasini: saa kadhaa, mizunguko kadhaa, siku kadhaa. Tena si umri mmoja. Kiwiliwili kina wake, kila injini ina wake, pangaboi lina wake, na miguu ya kutulia ina wake. Injini ikifunguliwa kwenye ndege hii na kufungwa kwenye nyingine, huhama na umri wake kama bibi arusi anavyohama na sanduku lake. Kwa hiyo safari ya dakika 20 kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ikijazwa mara moja tu, huzeesha kwa mkupuo mmoja kila kipuri kinachofuatiliwa ndani ya ndege ile. Hakuna mchawi aliyefikia kiwango hicho, na karani huyu hulipwa mwisho wa mwezi.

Kabla ya kujaza, lakini, lazima ijulikane saa ni nini, na hapa ndipo kazi inapopanda hadi falsafa. Upo muda unaoanza ndege inapoondolewa kabari za magurudumu na kuisha zinaporudishwa. Huo ndio muda wa rubani, na ndio anaoukumbuka vizuri zaidi. Upo muda mwingine unaoanza magurudumu yanapoachana na ardhi na kuisha yanapoigusa tena. Huo ndio muda wa fundi, kwa sababu chuma huchoshwa na kuruka zaidi kuliko kungoja zamu nyuma ya ndege nyingine. Kwa safari ya dakika 20 iliyotanguliwa na dakika 10 za kutambaa na kungoja, anayechukua safu isiyo yake huizeesha ndege kwa nusu zaidi ya ilivyostahili. Kwenye ndege ndogo huongezeka mita mbili. Mita ya Hobbs, katika ndege nyingi, huanza kuhesabu injini ikishapata presha ya oili, na haijali kama ndege inaruka au imeegeshwa chini ya mti. Mita ya mizunguko ya injini huhesabu jinsi injini inavyozunguka, hivyo saa yake hurefuka kila rubani anapopunguza mwendo. Mita hizo mbili huishi kwenye dashibodi moja kama wake wenza, kila mmoja na masimulizi yake ya yaliyotokea jana.

Halafu kuna saa ya ukutani. Abiria anayesema Kiswahili husema ndege iliondoka saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Ubao wa uwanjani unasema 07:12. Kitabu cha kumbukumbu za ndege, ambacho mafundi hukiita teklogi, kinasema 04:12, kwa sababu usafiri wa anga hutumia saa ya dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa 3. Wote watatu wamesema kweli. Rubani akiandika kuondoka kwa saa ya dunia na kutua kwa saa ya nyumbani, yaani 04:12 hadi 07:32, safari ya Zanzibar huwa ya saa 3 na dakika 20, muda ambao ndege ya jeti ingekuwa inakaribia Johannesburg. Programu nzuri hukataa tarakimu hiyo na kuuliza. Programu mbaya huipokea, hushukuru, na kuonyesha alama ya kijani.

Dakika zikishakubaliwa, hugeuzwa kuwa desimali, na hakuna mahali ambapo uvivu mdogo huleta faida kubwa kama hapa. Dakika 6 ni 0.1 ya saa. Dakika 20 ni 0.333 na ushee; ikiandikwa 0.3, dakika 2 zimeyeyuka bila aliyeziona. Ndege inayoruka safari kumi za namna hiyo kwa siku hupoteza dakika 20, yaani safari nzima. Kwa siku 30, saa 10. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba hukitoboa. Wapo pia wanaosoma saa 1 na dakika 30 wakaandika 1.30, ambayo ni saa 1 na dakika 18. Ndege imepewa dakika 12 za ujana, na hakuna hospitali inayotoa tiba hiyo kwa bei nafuu zaidi.

Mizunguko ni mambo mengine. Mzunguko mmoja ni kupaa mara moja na kutua mara moja, na thamani yake ilijulikana kwa uchungu. Mwaka 1954, Januari na Aprili, ndege mbili za Kiingereza aina ya Comet zilivunjika hewani karibu na Italia. Wachunguzi wa Kiingereza huko Farnborough waliiweka Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuitoa kana kwamba inapaa na kutua. Kiwiliwili kilipasuka kwenye mzunguko wa 3,057, ambapo 1,221 kati ya hiyo ilikuwa safari zake za kweli kabla ya kuingizwa majini. Tangu hapo ilieleweka kwamba ndege yenye kabini ya presha hupumua, na kila pumzi huacha alama katika bati. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, visiwani Hawaii, ilibanduka sehemu ya paa ikiwa juu. Mhudumu mmoja alipotea. Wengine 94 walitua Maui wakiwa wanaona mawingu mahali palipokuwa na dari. Ndege ile ilikuwa na saa 35,496, na walioisanifu walikuwa wameikadiria saa 51,000. Kwa kipimo hicho ilikuwa kijana. Lakini ilikuwa na mizunguko 89,680, na makadirio ya wasanifu yalikuwa 75,000. Gawanya, na utapata safari za wastani wa dakika 24, za kisiwa hadi kisiwa, karibu sawa na za Dar na Zanzibar. Tarakimu zilikuwa zimejazwa. Kilichokosekana ni ukaguzi wa kuuona ufa. Hilo halimwondolei karani sifa yake, maana bila yeye hata mshangao usingekuwa na namba.

Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Seronera na Maasai Mara hazina kabini ya presha, na mtu angedhani zimesalimika na somo hili. Hazikusalimika. Diski za ndani ya injini ya PT6A nazo huhesabiwa kwa mizunguko, kwa sababu kila kuwashwa huzichemsha na kila kuzimwa huzipoza. Kutua na kupaa tena bila kuzima injini huhesabiwa kama sehemu tu ya mzunguko. Hivyo karani lazima ajue kama rubani aliizima injini alipokuwa akingoja wageni wawili waliokwenda kupiga picha ya mwisho. Rubani huulizwa siku tatu baadaye, na hujibu kwa uso wa mtu aliyeulizwa alikula nini Jumanne iliyopita.

Yote hayo huishia kwenye programu. Mashirika makubwa hutumia mifumo kama AMOS au TRAX. Madogo hutumia faili la Excel lenye rangi nyekundu, njano na kijani, ambalo mtu mmoja tu ndiye anayejua fomula zake, naye yuko likizo. Kazi ya mfumo ni kulinganisha. Kila ukaguzi una mpaka wa saa, wa mizunguko au wa kalenda, na unaofika kwanza ndio unaotawala. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinaitaka ndege ndogo inayobeba watu kwa malipo ikaguliwe kila saa 100. Inaruhusiwa kuzidisha hadi saa 10, ila tu ikiwa njiani kuelekea ukaguzi ulipo, na saa zilizozidi hukatwa kwenye 100 zinazofuata. Ni mkopo ambao mkopeshaji hasahau na hasikilizi habari za msiba.

Mfumo hutabiri pia. Ndege inayoruka saa 6 kwa siku humaliza saa 100 kwa siku 16 na kidogo. Ile inayoruka saa 2 hukaa siku 50. Tabiri hizo hutegemea wastani wa siku zilizopita, kwa hiyo mfumo uliolelewa na mvua za masika za Aprili huamini kwamba Julai nayo itakuwa tulivu. Julai hufika na watalii waliofuata nyumbu, na ukaguzi uliopangwa kuangukia mwisho wa mwezi huanguka katikati, siku ambayo kila kiti kimeuzwa. Mkurugenzi huuliza nani kasababisha. Ni nadra nyumbu kuulizwa.

Ustadi wa juu kabisa wa kazi hii, hata hivyo, ni kushughulikia kuchelewa. Tuseme injini imebadilishwa Jumanne, na karatasi ya safari za Jumatatu ikafika ofisini Alhamisi ndani ya mfuko wa shati la rubani, au kama picha ya WhatsApp yenye kidole gumba juu ya safu ya kutua. Anayeiingiza kwa tarehe ya Alhamisi huipa injini mpya uchovu ambao haikuupata, na injini ya zamani, iliyolala kwenye stendi karakanani, hubaki na ujana isioustahili. Karatasi ikiingizwa mara mbili, ndege huishi Jumatatu ileile mara mbili. Ikiingizwa kwa ndege dada, ambayo herufi zake za usajili hutofautiana kwa moja tu, mmoja huzeeka kwa safari za mwenziwe. Kurasa za teklogi zimepewa namba mfululizo kwa ajili ya kunasa mambo haya, na kwa kweli hunasa, iwapo kuna mtu anayezisoma namba.

Wapo waliotangaza mara nyingi kwamba mashine zitaifuta kazi hii. Tangu 1978 mfumo wa ACARS umekuwa ukituma kutoka ndegeni nyakati nne bila mkono wa mtu: kuondoka maegesho, kupaa, kutua, na kufika maegesho. Jeti kubwa hutuma hadi leo. Lakini kihisi cha gurudumu kikishikwa na ugonjwa, ndege iliyo futi elfu thelathini hutoa taarifa kwamba imeegeshwa, na lazima apatikane mtu wa kusema haiwezekani. Ndege iliyotua kwenye uwanja wa nyasi haitumi chochote isipokuwa vumbi.

Na karatasi hizi zina bei. Sehemu za injini zenye ukomo wa maisha, ambazo kwenye injini aina ya CFM56-7B huwekewa mipaka ya kati ya mizunguko 20,000 na 30,000, hutakiwa kuwa na historia isiyokatika tangu siku zilipotoka kiwandani. Diski nzima, safi, isiyo na ufa, ikikosa ukurasa mmoja katikati ya maisha yake huwa chuma chakavu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba vipuri vya injini za aina hiyo vilikuwa vimeuzwa duniani kwa hati za kughushi, na mashirika yakalazimika kufungua injini ili kuvitoa. Aliyeghushi hakuhangaika kutengeneza chuma. Alitengeneza karatasi, na hiyo ni heshima kubwa kwa karatasi.

Ndege ikifa, kazi haifi nayo. Kiambatisho cha 6 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinaagiza kumbukumbu za jumla ya saa, mizunguko na kalenda zitunzwe kwa angalau siku 90 baada ya ndege au kipuri kuondolewa kabisa katika utumishi. Binadamu, kwa desturi, hufanyiwa arobaini. Siku 90 zikipita, karani anaruhusiwa kuliondoa jalada la kiwiliwili kwenye rafu. La injini halimhusu tena: injini ilikwisha kufunguliwa, kuuzwa na kufungwa kwenye ndege nyingine, na huko mtu mwingine, kwenye kiti kingine kinacholia, anaiongezea 0.3.